Kuinua Gari: Yanayozipata Ekseli na Springi

Barabara nyingi za vijijini katika Afrika ya Mashariki hazina lami. Wakati wa masika mifereji ya maji huzikata, magurudumu huchimba makorongo marefu, na katikati hubaki tuta la udongo na mawe. Gari lililo chini hukwama kwenye tuta hilo. Kwa sababu hiyo wenye magari wengi, hasa wale wanaosafirisha mazao, watalii au wagonjwa, hupeleka magari yao gereji ili yainuliwe. Baadhi hununua seti kamili ya kuinulia, yenye springi ndefu na shokomzoba mpya. Wengine huridhika na vipande vya chuma vinavyochomekwa kati ya springi na ekseli.

Gari hurudi likiwa refu na la kuvutia. Baada ya wiki chache malalamiko huanza. Usukani hautulii, sakafu hutetemeka kwenye mwendo wa kasi, krosi za propela huisha mapema, mpira wa breki huvuja, na dereva huona kwamba gari hulala sana kwenye kona. Mara nyingi fundi hulaumiwa kwa kufunga vibaya, au vipuri hulaumiwa kwa kuwa hafifu. Huenda lawama hizo zikawa kweli, lakini chanzo cha matatizo mengi ni jometri na mekanika ambazo mwanafunzi wa sekondari hufundishwa darasani.

Kilichoinuka na kisichoinuka

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba springi zikirefushwa, ekseli haiinuki hata kidogo. Ekseli imefungwa kwenye magurudumu, na urefu wake kutoka ardhini huamuliwa na nusukipenyo cha tairi peke yake. Kinachoinuka ni chesisi na bodi. Difu, ambalo katika magari yenye ekseli nzima ndicho kitu kinachoning'inia chini kuliko vyote, hubaki pale pale lilipokuwa. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akikwama kwa sababu difu linagonga tuta ataendelea kukwama, ingawa gari lake limeongezeka urefu.

Njia pekee ya kuiinua ekseli yenyewe ni kuweka tairi kubwa zaidi. Tairi ya kipenyo cha sentimeta 75 ikibadilishwa kwa ya sentimeta 85, ekseli huinuka kwa nusu ya tofauti hiyo, yaani sentimeta 5. Kuinua springi husaidia kwa njia nyingine: huipa tairi kubwa nafasi ya kuzunguka bila kukwaruza bodi, na huiweka chesisi mbali na mawe. Manufaa hayo ni ya kweli. Swali ni gharama yake, na gharama hiyo hulipwa na viungo vyote vinavyoiunganisha ekseli iliyobaki chini na chesisi iliyopanda juu.

Springi ngumu na kanuni ya Hooke

Mwingereza Robert Hooke, aliyeishi kati ya mwaka 1635 na 1703, alichapisha mwaka 1678 kanuni inayojulikana kwa jina lake: springi hubonyea kwa kadiri ya kani inayoikandamiza. Kani ikiwa mara mbili, mbonyeo nao huwa mara mbili.

Gari likisimama, kila springi huwa tayari imebonyezwa na uzito ulio juu yake. Mfano, iwapo springi ya awali ilibonyea sentimeta 15 kwa uzito wa gari, springi ya urefu ule ule yenye ugumu maradufu itabonyea sentimeta 7.5 tu. Gari litakuwa limeinuka kwa sentimeta 7.5 bila springi kurefushwa hata kidogo. Hii ndiyo njia inayotumiwa na watu wanaoongeza vyuma bapa kwenye springi za nyuma.

Hasara yake ni mbili. Kwanza, ule mbonyeo wa sentimeta 15 ulikuwa akiba. Gurudumu lilipofika kwenye shimo, springi ilijinyoosha na kulisukuma gurudumu chini ili liendelee kushika ardhi. Springi ngumu ina akiba ya sentimeta 7.5 pekee. Shimo likiwa na kina kuliko hapo, gurudumu huning'inia hewani, na gurudumu lililo hewani haliwezi kusukuma gari, kulifunga breki wala kuligeuza. Gari lililoinuliwa kwa ajili ya barabara mbaya laweza hivyo kupoteza mshiko katika barabara hiyo hiyo mbaya.

Pili, idadi ya mitikisiko kwa sekunde hutegemea mbonyeo huo. Mbonyeo wa sentimeta 15 huleta mitikisiko kama 1.3 kwa sekunde, ambayo mwili wa binadamu huivumilia bila taabu. Mbonyeo wa sentimeta 7.5 huleta kama 1.8. Abiria huhisi mapigo makali zaidi, na chesisi, vishikizo vya shokomzoba na bolti za bodi huhisi vivyo hivyo. Mgonjwa aliyevunjika mfupa, akisafirishwa kilometa 60 za barabara ya changarawe, huijua tofauti hiyo kuliko mtu mwingine yeyote.

Ikumbukwe kwamba kuongeza chuma bapa kwenye springi iliyochoka, ili irudie urefu wake wa kiwandani, ni jambo tofauti. Huo ni ukarabati, wala hauharibu jometri ya gari.

Propela na krosi zake

Nguvu ya injini hufika kwenye difu kwa njia ya propela. Kwa kuwa giaboksi imefungwa kwenye chesisi na difu liko kwenye ekseli inayopanda na kushuka, propela huhitaji viungo vinavyoweza kupinda huku vikizunguka. Kiungo hicho, ambacho mafundi hukiita krosi kwa sababu ya umbo lake la msalaba, kimehusishwa tangu zamani na jina la Mwitaliano Gerolamo Cardano wa karne ya 16, na pia na Hooke yule yule wa springi.

Krosi ina tabia moja ya ajabu. Ikiwa imepinda, upande unaoingiza nguvu huzunguka kwa kasi moja isiyobadilika, lakini upande unaopokea huharakisha na kupunguza mwendo mara mbili katika kila mzunguko. Ukubwa wa mabadiliko hayo hutokana na kosaini ya pembe ya mpindo. Kasi ya chini kabisa ni kasi ya mwanzo ikizidishwa kwa kosaini hiyo, na kasi ya juu kabisa ni kasi ya mwanzo ikigawanywa kwa kosaini hiyo hiyo.

Chukua gari ambalo umbali wa mlalo kati ya giaboksi na difu ni sentimeta 90, na difu liko chini ya giaboksi kwa sentimeta 10. Tanjenti ya pembe ni 10 kwa 90, na pembe yenyewe ni digrii 6.3. Gari likiinuliwa sentimeta 10, tofauti ya kimo huwa sentimeta 20 na pembe hufika digrii 12.5. Matokeo yake ni haya:

Kabla ya kuinua: kasi hupanda na kushuka kati ya asilimia 99.4 na 100.6 ya kasi ya giaboksi.

Baada ya kuinua: kasi hupanda na kushuka kati ya asilimia 97.6 na 102.4.

Pembe imeongezeka takriban mara mbili, lakini mabadiliko ya kasi yameongezeka mara nne. Mabadiliko hayo hufuata mraba wa pembe, na ndiyo sababu sentimeta 10 za kuinua hazina madhara maradufu tu ya sentimeta 5.

Mwanzoni waundaji wa magari waliitatua shida hii kwa werevu. Waliweka krosi mbili, moja kila mwisho wa propela, na kuhakikisha kwamba pembe zake ni sawa. Kile ambacho krosi ya kwanza huharibu, ya pili hukirekebisha, na difu hupokea mzunguko uliotulia. Usawa huo hudumu mradi mhimili wa kuingilia difu uwe sambamba na mhimili wa kutokea giaboksi. Fundi anayechomeka kabari chini ya springi ili difu litazame juu, akidhani anaipunguzia propela taabu, huuvunja usambamba huo. Pembe moja hupungua na nyingine hubaki kubwa, na mtikisiko hauna tena cha kuufuta.

Mtikisiko huo si mdogo. Gari lenye tairi za kipenyo cha sentimeta 75 likienda kilometa 80 kwa saa, gurudumu huzunguka mara 9.4 kwa sekunde. Iwapo difu lina uwiano wa 4.1 kwa 1, propela huzunguka kama mara 39 kwa sekunde, na mtikisiko huja mara mbili ya hapo, yaani kama mara 77 kwa sekunde. Huo ndio mngurumo unaosikika sakafuni. Beringi za krosi, sili za mafuta na meno ya difu hupigwa mapigo hayo safari nzima.

Tena kuna suala la urefu. Kwa kanuni ya Pythagoras, propela ya mfano huu ilikuwa na urefu wa sentimeta 90.6. Baada ya kuinua, inahitaji sentimeta 92.2. Sentimeta hizo 1.6 hutolewa na sehemu ya propela inayoteleza ndani ya nyingine, na mshikano wa meno yake hupungua kiasi hicho hicho. Gurudumu likining'inia shimoni, mshikano hupungua zaidi.

Usukani unaopoteza kumbukumbu

Magurudumu ya mbele hayageuki kwenye mhimili ulio wima kabisa. Mhimili huo huegemezwa nyuma kidogo upande wake wa juu, kwa digrii chache, mara nyingi kama 3. Mwegamo huo huitwa kasta. Kwa sababu yake tairi hugusa ardhi nyuma ya mahali ambapo mhimili ungegusa, na kila dereva anapoachia usukani, ardhi hulivuta gurudumu lirudi kutazama mbele.

Magari kadhaa yanayotumika sana nchini yana ekseli nzima mbele, springi za mviringo, na mikono miwili ya chuma inayotoka kwenye ekseli kwenda nyuma hadi kwenye chesisi. Land Rover 110, iliyotolewa mwaka 1983, ni mfano mmoja. Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, ulioanza mwaka 1984, zilipata mpangilio wa namna hiyo mbele kuanzia mwaka 1999, huku nyuma zikiendelea na springi za vyuma bapa.

Chesisi ikiinuliwa, mwisho wa nyuma wa kila mkono hupanda nayo. Kwa kuwa mkono umeshikwa imara na ekseli, ekseli nzima huzunguka, na sehemu yake ya juu hulala mbele. Mkono wa sentimeta 90 ukipanda sentimeta 5 huizungusha ekseli kwa digrii 3.2. Kasta yote ya digrii 3 imekwisha. Gari sasa halijui mbele ni wapi. Dereva hulazimika kulirekebisha kila mara, na barabara ya lami iliyo tambarare huwa ya kuchosha kuliko ya vumbi.

Dawa ya kawaida ni bushi maalumu zenye tundu lililo kando, ambazo huirudisha ekseli nyuma. Lakini difu la mbele nalo ni sehemu ya ekseli hiyo. Kasta ikirudishwa, pua ya difu huinama, na krosi iliyo hapo huongezewa mpindo. Kasta na propela hudai ekseli moja ielekee pande mbili tofauti. Inapoinuliwa sentimeta chache mvutano huo huvumilika. Inapozidi sana, hakuna pembe itakayoziridhisha zote mbili.

Kwenye ekseli hiyo hiyo huwapo fimbo ndefu inayolala kutoka upande mmoja wa chesisi hadi upande wa pili wa ekseli, iitwayo fimbo ya Panhard. Kazi yake ni kuizuia ekseli isihame kushoto au kulia. Fimbo ya sentimeta 90 ambayo ncha zake zilitofautiana kimo kwa sentimeta 10, ikiongezewa sentimeta 5, hufupika kwa mlalo kwa milimeta 7. Ekseli husogea kando kiasi hicho, na magurudumu ya mbele hayaandamani tena na ya nyuma. Fimbo ya usukani nayo huinama. Isipokuwa sambamba na fimbo ya Panhard, kila gurudumu linapopanda juu ya jiwe, usukani hugeuka wenyewe mkononi mwa dereva.

Vipande vya chuma kama wenzo

Vipande vinavyowekwa kati ya ekseli na springi za vyuma bapa ni njia rahisi kuliko zote, na ndiyo inayohitaji tahadhari kubwa. Breki zinapofungwa, ardhi huisukuma tairi kwa nyuma. Kani hiyo huisokota springi kwa wenzo ambao mkono wake ni umbali kutoka ardhini hadi kwenye springi. Umbali huo ukiwa sentimeta 40, kipande cha sentimeta 10 huufanya sentimeta 50, na msokoto huongezeka kwa robo nzima. Springi hujikunja kama herufi S, ekseli hurukaruka, na bolti zenye umbo la U hulegea. Kwenye ekseli ya mbele, ambako ndiko breki hufanya sehemu kubwa ya kazi na usukani umefungwa hapo hapo, vipande vya namna hii havifai kabisa. Kuvipandanisha viwili au vitatu, mbele au nyuma, ni kuhatarisha maisha.

Breki na kitovu cha uzito

Sehemu mbili zilizobaki ndizo zenye uzito mkubwa kuliko zote, kwa kuwa zinahusu uhai wa waliomo garini na walio barabarani.

Mipira ya breki hukatwa kwa urefu unaotosha ekseli inaposhuka hadi kikomo chake cha awali. Chesisi ikipanda, mpira huo hunyooka kabla ekseli haijafika chini. Shokomzoba fupi huweza kuuokoa mpira kwa kuizuia ekseli, lakini hapo shokomzoba yenyewe ndiyo hung'oka. Aidha, magari mengi ya mizigo yana vali inayopima mzigo kwa fimbo iliyounganishwa na ekseli ya nyuma. Mzigo ukiwa mwingi, chesisi hushuka na vali huruhusu msukumo zaidi wa breki za nyuma. Gari lililoinuliwa huidanganya vali hiyo: hata likiwa limejaa, vali huliona kama tupu, na breki za nyuma hunyimwa nguvu. Tairi kubwa nazo huongeza mzigo. Kwa mfano wa tairi za awali, breki na ekseli hudaiwa msokoto zaidi kwa asilimia 13, na kipimamwendo kikionyesha kilometa 80 kwa saa, gari huwa linakwenda karibu 91.

Kitovu cha uzito nacho hupanda. Kipimo rahisi cha uthabiti wa gari ni upana kati ya magurudumu ya kushoto na ya kulia, ukigawanywa kwa kimo cha kitovu cha uzito mara mbili. Gari la upana wa meta 1.5 na kimo cha meta 0.75 lina kipimo cha 1.0. Kimo kikiwa meta 0.85, kipimo hushuka hadi 0.88. Katika kona ya nusukipenyo cha meta 50, mwendo wa kupindua gari la kwanza, kwa hesabu tu, ni kama kilometa 80 kwa saa. Wa gari la pili ni kama 75. Hali halisi ni mbaya kuliko hesabu, kwa sababu bodi hulala kwenye springi na tairi hubonyea, hivyo gari hupinduka mapema zaidi. Mzigo ukipangwa juu ya keria, kipimo hushuka tena.

Yapasayo kufanywa

Haya yote hayamaanishi kwamba gari lisiinuliwe kamwe. Yanamaanisha kwamba kuinua gari ni kulisanifu upya, na usanifu hutaka vipimo. Kabla ya kazi, fundi apime kimo cha chesisi katika pembe zote nne, pembe za propela, na kasta. Baada ya kazi apime tena, gari likiwa na mzigo wake wa kila siku. Kiasi cha sentimeta 5 huwezekana kurekebishwa kwa bushi na kulinganisha magurudumu upya. Kinachozidi hapo huhitaji propela, fimbo ya Panhard, mipira ya breki na shokomzoba zinazolingana na kimo kipya, na vali ya breki kurekebishwa. Bolti zote zikazwe tena baada ya kilometa mia chache za mwanzo. Na yule ambaye shida yake ni difu kugonga ardhi, afikirie tairi kubwa kidogo kwanza.

Majaribio ya darasani

Jaribio la kwanza: Chukua kipande cha mti chenye upana wa sentimeta 10 na kimo cha sentimeta 10. Kiweke juu ya ubao, pigilia kijiti chembamba mbele yake kisiteleze, kisha inua ubao polepole. Pima pembe kinapopinduka. Inapaswa kukaribia digrii 45. Rudia kwa kipande cha upana ule ule na kimo cha sentimeta 20. Pembe itakaribia digrii 27. Eleza kwa nini.

Jaribio la pili: Ning'iniza jiwe kwenye springi, pima mnyooko, kisha hesabu muda wa mitikisiko 20. Weka springi mbili zinazofanana sambamba na kurudia. Linganisha mnyooko na idadi ya mitikisiko kwa sekunde.

Jaribio la tatu: Kwa kutumia jedwali la tanjenti na kosaini, tafuta mabadiliko ya kasi ya krosi gari la mfano likiinuliwa sentimeta 5 badala ya 10. Kisha mshauri mwenye gari la kubebea wagonjwa ni kimo kipi achague, na uoneshe hesabu iliyokufikisha kwenye ushauri huo.